Kivu: Jino la utoto lising'olewe ovyo, hata katika maisha ya ukimbizi

Goma, Bukavu, hata katika familia zilizohama vita, wako watoto wanaofunika kinywa kwa mkono wanapocheka. Meno yao yamebanana na kupandana. Wazazi husema: ni ya ukoo. Ni kweli kwa sehemu, kwani mtoto anaweza kurithi taya ndogo na meno makubwa. Lakini si damu peke yake.

Mtoto ana meno 20 ya utoto, na kila moja hulinda nafasi ya jino la kudumu. Kwenye miaka 6 hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya yote. Gego la utoto lililo mbele yake likioza na kung'olewa mapema, lile la kudumu husogea na kukalia nafasi ile. Jino lililopaswa kuota hapo kwenye miaka 10 ao 12 hukosa njia, hutokea pembeni.

Mbaya zaidi, katika eneo hili la Maziwa Makuu bado wako wanaochokonoa ufizi wa mtoto mchanga mwenye kuhara, wakidai ana meno mabaya. Yale ni meno yake halisi yanayochipuka. Kitendo hicho huleta maambukizi, huweza kuua, na huharibu meno ya baadaye. Mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari, apelekwe kituo cha afya.

Vyuma vya kunyoosha meno huvaliwa mara nyingi mwaka na nusu ao miwili, na daktari huvikaza kila baada ya wiki kadhaa. Familia inayokimbia leo hapa, kesho kule, itavifuata namna gani? Ndiyo maana kinga inapaswa kutangulia.

Mashirika yanayogawa sabuni na madumu yaongeze mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Wauguzi wanaopima watoto uzito watazame na kinywa. Wazazi nao wasimamie mswaki asubuhi na usiku, wamwachishe mtoto kunyonya kidole kabla meno ya kudumu hayajaanza kuota. Jino likiuma, lionwe kwanza na daktari ao muuguzi. Likiwa na usaha lisicheleweshwe.

Haya hayangoji amani irudi. Mtoto hukua hata kambini, na meno yake hayasubiri.