Alama ya Kosa Haitoshi

Mwalimu hana budi kujifunza kwa fundi wa magari. Tuchukue mfano wa gari linalokosa nguvu pale Igawa, katika barabara kuu iendayo Zambia. Katika magari mengi ya siku hizi, pedali ya mafuta huwa na sensa mbili zipelekazo habari kwa kompyuta ya injini. Habari hizo zisipolingana, kompyuta hupunguza nguvu, na mashine ya kupimia hutoa namba ya hitilafu. Fundi mwenye pupa hununua pedali mpya. Fundi hodari hupima kwanza umeme, akakagua waya na soketi. Huenda sensa ni nzima, kutu ndiyo mkosaji.

Alama ya kosa tuiandikayo daftarini ni kama namba ile: hutaja hitilafu, haitaji chanzo. Mtoto aandikaye 52 − 38 = 26 huenda hakubahatisha. Ametoa 2 katika 8, na 3 katika 5. Hutoa tarakimu ndogo katika kubwa popote ilipo. Kumwongezea hesabu kumi za aina hiyo ni kununua pedali mpya.

Mpeni 58 − 32. Akipata 26 tena, kutoa anakujua. Asichokijua ni kufungua kumi. Hapo mpeni vijiti, afungue fungu moja kwa mikono yake.

Mtasema madarasa yana watoto wengi. Ni kweli, lakini aina za makosa ni chache kuliko watoto. Yapangeni madaftari kwa aina hizo. Kwa maoni yetu, watoto wengi waitwao wazito hawajapimwa bado.