Gari la Kitufe: Ufunguo Ukizimika Utafanyaje?

Leo naomba niweke kando mambo ya kuandika programu niongee kuhusu magari. Lakini ukifikiri vizuri, gari la siku hizi ni kompyuta iliyowekewa magurudumu, kwa hivyo sijatoka mbali na kazi yangu.

Kisa kilichonisukuma kuandika kilitokea nyumbani, Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Mjomba wangu analima vitunguu na nyanya kwa maji ya mto. Kwa miaka mingi alikuwa na Probox ya zamani yenye ufunguo wa chuma. Aliiuza, akaongeza akiba yake, akanunua gari lililotumika kutoka Japani. Hili la sasa halina tundu la ufunguo kando ya usukani. Unatembea na kidude mfukoni (wengi wetu tunakiita rimoti), unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, gari linawaka. Mzee alifurahi sana. Kila mgeni aliyefika alionyeshwa.

Siku moja alishinda shambani akifungulia maji kwenye mitaro, kidude kikiwa mfukoni kama kawaida. Akateleza, akalowa hadi kiunoni. Hakufikiria lolote, akabadilisha nguo akalala. Saa nane usiku mtoto wake wa mwisho akashikwa na degedege kwa homa kali. Mjomba akambeba hadi kwenye gari. Gari halikufunguka. Akabonyeza, akatikisa kidude, akakipangusa kwa shati. Kimya. Watu walisimama gizani wakimulika kwa simu gari zima, lenye mafuta, na hakuna aliyeweza hata kufungua mlango. Mwishowe mtoto na mama yake walipelekwa hospitalini kwa boda boda. Namshukuru Mungu, alipona.

Asubuhi kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema wavunje kioo. Fundi mmoja wa mjini akasema hapo hakuna ujanja, libebwe hadi Nairobi, karibu kilomita 280. Nilipofika nilikaa chini na simu yangu, nikatafuta maelezo ya aina ile ya gari. Ndani ya kidude kile, ukisukuma kikufuli kidogo cha pembeni, mna ufunguo mwembamba wa chuma. Mlango wa dereva una tundu lake. Tukafungua. Kisha nikakanyaga breki, nikagusisha kidude chenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, nikabonyeza. Injini ikawaka.

Mjomba hakusema neno. Aliangalia tu kile kidude. Jibu alikuwa nalo mkononi usiku ule wote, ila hakuna aliyemwambia. Kitabu cha maelezo kilikuwemo ndani ya gari, lakini kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi mwisho.

Sasa tuangalie teknolojia yenyewe, maana sitaki kuilaumu bure. Gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kwa kawaida kilohezi 125 au 134, ambayo hufika mita moja au mbili tu. Kidude kikiyasikia huamka na kujibu kwa mawimbi ya juu zaidi, megahezi 315 kwa magari mengi ya Japani, kikipeleka jibu la siri lililokokotolewa kwa hesabu. Kazi hiyo inahitaji betri, ile ndogo ya mviringo kama sarafu. Lakini wahandisi waliweka njia ya akiba. Ndani ya kidude kuna chipu nyingine isiyohitaji betri kabisa. Ukikisogeza hadi kigusane na kitufe, koili iliyo ndani ya gari huipa chipu hiyo nguvu kidogo ya kujitambulisha. Betri ya mjomba ilikufa kwa maji, chipu ilikuwa salama.

Faida zake ni za kweli. Mikono ikiwa imejaa mitungi ya maji huhitaji kupapasa ukitafuta ufunguo. Magari mengi ya aina hii hukataa kujifunga ukisahau kidude ndani. Usiku, mahali usipopaamini, sekunde chache za kuingia na kuondoka ni jambo kubwa. Na mwizi hawezi kuchonga nakala kwa tupa kama zamani. Hapo kwenye usalama lakini nataka msomaji awe makini. Kinga hiyo haitokani na kitufe, inatokana na chipu. Magari mengi yenye ufunguo wa chuma yana chipu hiyo hiyo kwenye kichwa cha ufunguo, na ufunguo wake hauongei na gari hadi uutie kwenye tundu.

Kidude cha mfukoni kiko macho wakati wote, na hapo ndipo wezi walipopata mwanya. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walitangaza kwamba walijaribu aina 10 za magari kutoka kampuni 8, wakafungua na kuwasha yote bila kuwa na ufunguo. Hawakuvunja siri yoyote. Walirefusha tu mawimbi: kifaa kimoja karibu na gari, kingine karibu na mwenye ufunguo. Gari likadhani mwenyewe amesimama mlangoni. Dawa yake ni rahisi: usiku weka kidude ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana, kisha usimame karibu na gari ujaribu kama litafunguka. Likifunguka, tafuta mkebe mwingine.

Hasara nyingine ni kwamba injini haijui kama umeshuka. Zamani huwezi kuingia nyumbani na ufunguo mkononi huku gari linanguruma. Sasa inawezekana, hasa kwa magari ya haibridi ambayo husimama bila sauti. Marekani watu wamekufa wakiwa usingizini kwa moshi wa gari lililoachwa likiwaka kwenye gereji iliyoungana na nyumba, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kutaka iwekwe kanuni ya injini kujizima yenyewe. Burat magari yetu hulala chini ya mti, kwa hivyo hofu hiyo ni ndogo. Lakini wako ndugu zetu mijini wenye gereji zilizofungwa.

Na kitufe chenyewe, je? Unajua kukizima gari likiwa mwendoni? Mwezi Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, watu wanne wa familia moja walifariki ndani ya Lexus waliyoazimwa, baada ya kanyagio la mafuta kukwama kwenye zulia la miguuni. Gari lilikuwa la kitufe, na ili kulizima likiwa mbioni ilibidi kukishikilia kwa sekunde tatu. Ni nani hubonyeza kitufe sekunde tatu akiwa katika hofu kama hiyo? Ukizungusha ufunguo wa chuma huhitaji kufundishwa.

Mnaona basi shida yenyewe. Njia ya akiba ipo, ila imefichwa. Sisi watengenezaji wa programu tunalijua kosa hili vizuri: unaandika njia ya dharura nzuri, kisha unaiweka mahali ambapo mtu mwenye dharura hawezi kuiona. Kwangu mimi, njia ya dharura asiyoijua mtumiaji ni sawa na kutokuwepo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba kila mwaka yanayoingia ni mapya zaidi, na ya kitufe yanazidi kuongezeka hata huku kwetu. Sisemi tuyakatae. Mimi mwenyewe ningenunua. Ila nasema anayetuuzia magari haya atupe funguo mbili, maana mengi hufika na kimoja tu, na kikipotea hicho hata ule ujanja wa kugusisha haufai. Na atupe pia ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mmoja tu unatosha: ufunguo wa chuma uko wapi, tundu la mlango liko wapi (mengine hulificha chini ya kifuniko cha plastiki), kidude kigusishwe wapi, na gari linazimwaje likiwa mwendoni.

Mpaka siku hiyo ifike, fanya hivi ukienda kununua. Kabla ya kutoa pesa, fungua kidude, toa betri, mkabidhi muuzaji, umwambie: "Haya, ndugu, fungua mlango uliwashe." Akishindwa mchana kweupe, wewe utaweza saa nane usiku?