Darasa la Sita na Mtoto Anayechelewa

Mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja. Ndivyo ilivyopangwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo mitaala yake ilianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Wengi wetu tunauliza kama vyumba vya sekondari vitatosha. Ni swali la haki. Lakini liko jingine lisilosemwa sana: mtoto anayechelewa kujifunza amepunguziwa mwaka mzima.

Mtoto huyo si mjinga. Huenda ni wa Lushoto, nyumbani huzungumza Kisambaa, na Kiswahili cha kitabuni amekutana nacho mlangoni pa darasa. Huenda haoni vema ubaoni, au hasikii na hakuna aliyegundua. Mwalimu mwenye watoto 90, ilhali kiwango cha Serikali ni 45, huishia kuwafundisha wale wa katikati. Sidhani kama tuna haki ya kumlaumu.

Hata hivyo njia zipo. Kule Irente, Lushoto, ndugu zetu Walutheri huwafundisha watoto wasioona kwa maandishi ya nukta nundu: elimu ni ile ile, mlango wa kuiingilia ndio tofauti. Katika darasa la kawaida hatua ni ndogo zaidi: kuanza na neno ambalo mtoto analijua kwa lugha ya kwao, kumwita mbele asiyeona vema, kuwapanga upya katika makundi kadiri ya kile ambacho kila mmoja bado hajakishika, badala ya kuwaita wengine “wazito” tangu Januari hadi Desemba.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya elimu inayolingana na uwezo wake na utamaduni wa kwao. Kwa msingi huo, desturi ya baadhi ya shule, zikiwemo za Kanisa, kumshauri mzazi amhamishe mtoto kabla ya mtihani wa taifa ili wastani usishuke, haina utetezi. Shule ya namna hiyo imefaulu kuchuja, haijafaulu kufundisha.

Halmashauri za walei katika parokia zenye shule ziulize jambo moja: kati ya watoto walioanza darasa la kwanza, wangapi walifika mwisho? Hesabu hiyo haibandikwi kwenye ubao wa matangazo.