Afya ya Nyumbani: Mabaka Kinywani

Simama na kioo mchana penye mwanga, inua mdomo wako, utazame fizi zako. Je, ni nyeusi? Usitishike. Wengi wetu tunazo fizi nyeusi tangu utoto, kushoto sawasawa na kulia. Huo si ugonjwa wala si uchafu, na mama anayemsugua mtoto wake kwa majivu ili ziwe nyekundu anamtonesha bure.

Maneno yetu leo ni juu ya mabaka mapya. Ngozi laini ya kinywani ikiudhiwa muda mrefu, kama kwa jino bovu linalokwaruza shavu, au kwa moshi wa sigara na kiko, huweza kutoa kwa wingi rangi nyeusi iitwayo melanini. Basi hubaki alama, kama vile kidonda cha mguu kinavyoacha baka baada ya kupona. Weusi wa sigara huelekea kufifia mtu aachapo kuvuta, lakini polepole, miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

Baka jeupe lina habari nyingine. Likifutika kwa kitambaa safi, mara nyingi ni utando wa fangasi. Watoto wachanga huupata. Mtu mzima akiupata yafaa apimwe damu, maana huenda ana kisukari au virusi vya UKIMWI. Lisilofutika ndilo la kuangaliwa sana. Watiao ugoro pale pale chini ya mdomo, miaka nenda miaka rudi, na watafunao tambuu, huweza kuota baka jeupe, pengine lenye mikunjo. Haliumi. Nao husema, "Haliniumi, hospitali ya nini?" Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa saratani ya kinywa mara nyingi haiumi mwanzoni. Mengi ya mabaka meupe hayageuki saratani, ni kweli. Baka jekundu huonekana kwa nadra, lakini hatari yake ni kubwa zaidi.

Basi, baba, nawe bibi yetu mwenye kikopo cha ugoro: baka au kidonda kikikaa zaidi ya majuma mawili, au weusi ukikua upande mmoja tu, nenda kwa daktari wa meno. Huenda akatia ganzi, akakata kipande kidogo kikapimwe. Usikwangue kwa wembe, usichome kwa dawa kali.

Nawe kijana, ikiwa macho ya mzazi wako ni hafifu, mtazame wewe Jumapili hii baada ya Misa. Chini ya ulimi pia usipasahau.