Mwalimu wa Vidudu

Watu wa Dar es Salaam wa rika langu hatukusema chekechea. Tulisema shule ya vidudu. Mtoto wa miaka mitano aliulizwa anasoma darasa la ngapi, naye akajibu kwa fahari, "Vidudu!" Tulicheka, na wengine tunacheka mpaka leo. Lakini nimekaa Tabata muda wa kutosha kujua kwamba jina lile halikuwa mzaha mtupu. Mtoto ni kidudu, anayemfundisha ni mwalimu wa vidudu, na mwalimu wa vidudu hastahili kusomeshwa kwa shilingi ya mtu yeyote, si ya jirani wala ya Serikali. Hayo ndiyo ninayotaka kugombana nayo hapa, na namwomba msomaji asinitarajie kuwa mpole.

Si mbali na nyumba yangu, upande wa kwenda Kimanga, kuna ua wenye mwembe mmoja na kibanda cha mabati. Asubuhi watoto thelathini na zaidi huletwa pale, wengine wakiwa bado na usingizi kwa sababu mama zao wanawahi sokoni Buguruni. Anayewapokea ni binti wa jirani yangu. Amemaliza kidato cha nne, alama zake si za kujivunia lakini zinatosha kumpeleka chuo cha ualimu. Watoto wanahesabu kwa vizibo vya soda. Herufi wanaandika kwanza mchangani kwa kidole, maana daftari ni ghali na kidole hakina gharama. Nimekaa mara nyingi kwenye kibaraza changu nikimsikiliza, na nasema bila kusita kwamba sijapata kumwona mtu mzima mwenye subira kama ile.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye mtaa mzima ulimwita mkaidi. Ukimwita haitikii, ukimtuma anakutazama tu. Alikwisha kula fimbo nyingi kwa ukaidi huo. Binti huyu alikaa naye wiki mbili, kisha akamwendea mama yake na kumwambia, "Mama, shikamoo. Mwanao si mkaidi. Ukimwita kwa upande wa kulia anageuka, ukimwita kwa kushoto hageuki. Mpeleke hospitali wakamtazame masikio." Alipelekwa, na ikawa kweli. Sisi wazee, pamoja na busara zetu zote za kibarazani, tulikuwa tumempiga mtoto kwa kosa la kutosikia.

Sasa, siku moja walikuja maofisa kukagua. Wakamwambia mwenye kituo kwamba mtu asiye na cheti hawezi kuendelea kuwa mwalimu wa watoto. Nami siwalaumu kwa hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina haki ya kuuliza ni nani anayeshinda na watoto wetu, na mimi sitaki mtoto wangu alelewe na kila apitaye njiani. Binti akafanya lililo sahihi. Aliomba chuo, akapata. Fomu ya kujiunga ikaja na orodha yake: ada, mchango wa hiki, mchango wa kile, sare mbili, rimu za karatasi, ndoo, jembe, kwanja, shuka, godoro. Mama yake anakaanga mihogo pale kituo cha daladala. Alinionyesha ile karatasi akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika taarifa ya msiba.

Tuliitwa kikao. Tulikunywa soda, tukasema maneno mazuri juu ya elimu, mzee mmoja akasema samaki mkunje angali mbichi, tukaitikia. Kisha daftari likapita. Kilichoandikwa humo hakikufika hata nusu ya ada ya mwaka wa kwanza, na kilichotolewa kilikuwa pungufu ya kilichoandikwa. Niseme ukweli wangu, maana kitabu hiki hakina faida kama sitausema. Mimi nilitoa shilingi elfu kumi. Mwezi ule ule nilitoa laki moja kwa ajili ya sendofu ya binti wa mtu ninayefanya naye kazi, na kadi yake ilikuwa na maua ya dhahabu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona haya kutoa kidogo kwenye sendofu, lakini kwenye ada ya mwalimu wa vidudu sikuona haya yoyote. Muda wa kuripoti ulipita, nafasi yake akapewa mwingine.

Msomaji atauliza, mbona hakuomba mkopo? Swali zuri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na jina lake linajieleza: elimu ya juu. Kwa miaka mingi fedha ile ilikwenda kwa anayesoma shahada. Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa kidogo kwa wanafunzi wa stashahada, katika fani zilizoitwa za kipaumbele, na kwa upande wa ualimu yakatajwa mambo ya sayansi, hisabati na ufundi. Mwalimu wa mtoto wa miaka mitano hakuwamo. Kana kwamba hisabati huanza kidato cha kwanza! Kana kwamba yule atakayekuwa mhandisi hakuanza na vizibo vya soda chini ya mwembe!

Basi tazama kichekesho hiki. Halmashauri zetu hutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa mwaka uliofuata. Ni jambo jema. Maana yake ni kwamba binti huyu, akijiunga na wenzake katika kikundi, anaweza kukopeshwa fedha ya umma afuge kuku. Anaweza kukopeshwa anunue pikipiki au mashine ya kufyatua matofali. Lakini akisema, mimi sitaki kuku, nataka kusomea kazi ambayo tayari naifanya na ambayo Serikali yenyewe imeniambia nisiifanye bila cheti, hapo anaambiwa ajitegemee. Kuku wana mfuko. Watoto hawana.

Tena ni Serikali hii hii iliyoandika mambo mazuri. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya mfumo. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za umma, madarasa ya awali yakafurika. Desemba 2021 ikazinduliwa programu nzima ya Taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Sina ugomvi na karatasi hizo. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto ameambiwa aje bure, na atakayempokea mlangoni ameambiwa alipe. Huwezi kuufanya mlo kuwa haki ya kila mtu kisha ukamwachia mpishi anunue kuni kwa fedha ya mfukoni mwake.

Nawajua watakaonijibu. Watasema walimu wamejaa mitaani hawana ajira, ya nini kusomesha wengine? Ni kweli wamejaa, nami ninao wawili katika ukoo wangu. Lakini waliojaa wengi walisomea kufundisha vijana wa sekondari. Ukimchukua aliyesomea historia ya kidato cha tano ukamkabidhi watoto hamsini wa miaka mitano, utakuwa umewaonea wote hamsini na moja. Nimeingia katika darasa la awali la namna hiyo. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, na watoto walikuwa wanalala.

Watasema nchi haina fedha. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, nchi ilikuwa na fedha kidogo kuliko leo, na iliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Walimu walipatikana wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakafundishwa huko huko vijijini, nusu wakisoma na nusu wakifundisha, kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio. Wako wanaowabeza walimu wale, na ubora wao una maswali yake, sikatai. Ila hakuna aliyemwambia kijana yule aende nyumbani akauze mbuzi kwanza ndipo alitumikie Taifa.

Mpaka hapa nimesema habari za Tabata, ambako mwanafunzi na mwalimu wote ni watu wa Kiswahili na angalau kuna jirani wa kupitishiwa daftari. Sasa twende Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe, ambao ni watu elfu moja na kidogo tu. Mtoto wao hufika shuleni na lugha yake mwenyewe, lugha ambayo haina undugu na yetu. Anamkuta mwalimu asiyejua hata kumwuliza kama ana kiu. Dawa ya hili inajulikana: asomeshwe binti wa Kihadzabe arudi kuwapokea wadogo zake. Lakini ada ataitoa wapi, kwa watu ambao utajiri wao ni asali na mizizi? Kama binti wa Tabata ameshindwa kwa sababu ya godoro na rimu za karatasi, huyo wa Yaeda mlango wake hata hatuuoni.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kulitazama jambo hili. Australia ilianza mwaka 1969 kuwapa Waaborijini ruzuku za masomo, na mpango huo, ambao baadaye uliitwa ABSTUDY, upo mpaka sasa. Sisemi hivi kwa kuisifu Australia. Ni nchi ile ile iliyowachukua watoto wa Waaborijini kutoka mikononi mwa mama zao kwa miaka mingi, jambo ambalo tume yao wenyewe ililieleza kwa kirefu mwaka 1997. Kwa watu waliotendwa hivyo, ruzuku ya masomo haiwezi kuitwa sadaka. Mimi naiita malipo ya deni. Nasi tumewasukuma Wahadzabe kutoka mapori yao mwaka hadi mwaka kwa mashamba na mifugo. Basi nasi tuna deni, na tuanze kulilipa kwa kuwasomeshea walimu wa watoto wao.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Australia. Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu aitwaye Bi Swafiya Said, kwa msaada wa mfuko wa Aga Khan, alianza shule za awali miongoni mwa Waislamu wa pwani waliokuwa wameachwa nyuma na shule za Serikali. Hakuleta walimu kutoka mbali. Alichukua wanawake wa mitaa ile ile, akawafundisha wakiwa kazini, hata wasiokuwa na vyeti vikubwa. Mpango ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba gharama ya kumfundisha mwalimu haikutupwa mgongoni kwa mwalimu.

Ninachotaka ni kidogo. Halmashauri ichukue sehemu ya ile asilimia kumi, au itafute fungu jingine, ilipe ada na posho ya binti wa namna hii, yeye aweke sahihi kwamba atafundisha darasa la awali katika halmashauri hiyo kwa miaka minne. Akikimbia, alipe. Na waanze wale wa jamii zenye lugha zao na umaskini wao, kabla ya sisi wa mjini. Sitaki aitwe mkopaji. Mshahara wa mwalimu wa vidudu, hasa wa hizi shule za uani, hauna nyama ya kukatwa.

Na sisi watu wa Tabata tusijifanye wanyonge. Mwaka 1988 wenzetu walilipeleka Jiji mahakamani kwa sababu ya jalala lililotuletea moshi, nzi na uvundo. Jiji likaamriwa liache, likaomba muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuliongezea, akikumbusha kwamba watu wana haki ya kuishi. Mahali penyewe mpaka leo panaitwa Dampo. Watu walioweza kusimama miaka mitatu mahakamani kwa ajili ya takataka hawawezi kuniambia kwamba kwenda kwa diwani na barua moja juu ya mwalimu wa watoto wao ni kazi nzito. Barua nimekwisha kuiandika. Mpaka leo ina sahihi tisa, na moja ni ya yule mama wa mtoto asiyesikia sikio la kushoto.

Binti bado yuko pale chini ya mwembe, kwa kuwa mwenye kituo amemficha jina: kwenye daftari la wafanyakazi ameandikwa mpishi wa uji. Mwaka huu ameomba chuo tena, na fomu imekuja. Jana alikuja kunionyesha orodha. Tuliipitia pamoja tukikata kwa kalamu vile alivyokwisha kuvipata tangu mara ile ya kwanza. Ndoo anayo, jembe ameazima kwa mjomba wake. Godoro analo tangu mwaka ule, halijatolewa kwenye nailoni.