Mtu wa 36 na wagumu wasiohesabiwa

Junko Tabei hakupenda kuitwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest. Alitaka akumbukwe kama mtu wa 36. Sisi wa Moshi hatujamsikia. Kila ifikapo Siku ya Wanawake tunatafuta "wa kwanza" mwingine wa kumpigia makofi, huku wanawake wanaopanda Kilimanjaro kwa ajira tukiwapita getini bila hata salamu.

Tumkumbuke Tabei mwenyewe. Mwaka 1969 alianzisha klabu ya wanawake wapanda milima huko Japani. Walipotafuta wafadhili wa safari ya Everest, waliambiwa wakae nyumbani walee watoto. Hawakukaa. Tarehe 4 Mei 1975 poromoko la theluji lilifukia kambi yao, naye akiwemo. Siku 12 baadaye alisimama kileleni, mita 8,848, pamoja na Msherpa Ang Tsering. Mwaka 1980 alipanda Kilimanjaro, na mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza vilele virefu kuliko vyote vya mabara saba.

Sasa mtazame mgumu wa kike katika njia ya Marangu. Mgumu ndilo jina letu la mpagazi. Anabeba mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20 mpaka Kibo, mita 4,720. Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani, una mita 3,776. Kwa hiyo dada huyu anaupita Fuji kwa karibu mita elfu moja, mzigo kichwani, na safari ikipatikana anapanda tena. Mgeni anashuka na cheti, yeye anashuka na ujira. Kijiweni anaulizwa swali lilelile aliloulizwa Tabei: watoto umemwachia nani?

Utasema mgumu hafiki Uhuru, kazi yake inaishia kambini. Kweli. Lakini timu ya Tabei ilikuwa na wanawake 15, na mpango ulikuwa wawili wafike juu. Akaenda mmoja tu, kwa sababu Washerpa waliugua na mitungi ya oksijeni ya kuwatosha wawili haikupanda. Mabega ya wabebaji ndiyo yaliyoamua nani afike. Basi kwa nini historia ya mlima iandikwe kwa majina ya waliofika tu?

Nasoma shahada ya uzamili hapa Moshi, na hata vyuoni mazungumzo ya utalii huanza na idadi ya wageni na dola zao. Tubadilishe hesabu. Mgumu apewe cheti chake getini palepale, mwanamke kwa mwanamume, kila anaposhuka. Kiandikwe jina lake, njia aliyopita, mwinuko aliofikia, na hiyo ni safari yake ya ngapi.