Mbegu za papai na uzazi wa ngege

Jamaa yangu mmoja, mwenyeji wa upande wa Kilifi, alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akatia vifaranga vya ngege, akawalisha pumba kwa bidii. Nia yake ilikuwa kuwauza Ramadhani ikiingia. Siku ya kuvua aliniita nikaone. Wavu ulijaa, walakini waliojaa ni visamaki vya urefu wa kidole. Mama karanga waliokuja na karai zao waliviangalia, wakacheka, wakaenda zao.

Asiyejua tabia za ngege atadhani samaki wale walinyimwa chakula. Sivyo. Ngege afugwaye bwawani huanza kuzaa angali mdogo, hata nusu mwaka hajatimiza, na jike huyaatamia mayai kinywani, kwa hivyo wana wengi huokoka. Bwawa ni lile lile, chakula ni kile kile, na walaji wanaongezeka. Mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo la bunge lililoteuliwa, kila moja la mita 300 za mraba, watu wengi waliona kazi ni kuchimba. Kumbe kazi ni kuzuia uzazi.

Dawa itumiwayo sana duniani ni homoni ya kiume. Vifaranga hulishwa wiki tatu au nne za mwanzo, wakawa karibu wote madume. Wako wanaoniuliza kama samaki wa namna hiyo ni halali. Mimi nilikalia mkeka wa chuoni, sikukalia kiti cha fatwa. Hilo nawaachia masheikh. Neno langu ni jingine: homoni hiyo yataka pesa na mkono wa mtaalamu, na mwenye kidimbwi kimoja hana hivyo viwili.

Na huku mpapai umesimama uani! Mwaka 2003 watafiti wa Nigeria walieleza jinsi walivyowalisha ngege madume mbegu za papai kwa siku 30. Kipimo kidogo kilivimbisha viini vya seli za uzazi. Kipimo kikubwa kiliziharibu seli nyingi kabisa. Mimi sikushangaa. Wakunga wetu wakiwakanya wajawazito wasile papai bichi, wala hawakuwa na hadubini.

Hapa ndipo ninapogombana na pande mbili. Upande mmoja ni wasomi wanaosikia "dawa ya miti" wakatabasamu. Upande wa pili ni sisi wenyewe, tunaodhani kitokacho mtini hakidhuru. Jamaa yangu nilipomweleza habari hizi, aliruka hatua kumi, akataka kumwaga bwawani ndoo nzima ya maji ya mwarobaini, ati nao wazuia uzazi. Nikamshika mkono. Mwarobaini huo huo ndio tunaoulia wadudu shambani, na ukikolea majini huua samaki pia. Bibi yangu alikuwa akitibu watoto wa mtaa mzima, na sikumwona hata siku moja akitoa jani bila kipimo: konzi moja, vidole vitatu, kikombe cha kahawa, na kwanza huuliza umri wa mgonjwa. Majina ya majani tumeyashika, vipimo tumevizika naye.

Basi nataka vipimo. Taasisi ya utafiti wa bahari na samaki ina makao yake makuu papa hapa Mombasa. Na watukalishe na wazee wetu wa dawa, kisha watuandikie kwa Kiswahili: mbegu zilizokaushwa na kusagwa, vijiko vingapi kwa kilo ya chakula? Kwa siku ngapi? Na mfugaji aache kuwapa siku ngapi kabla ya kuvua, maana samaki huyo ataliwa na watoto wetu, na wake wenye mimba pia? Swali hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, na sitaki lijibiwe kwa kubahatisha, si na mganga wala na daktari.

Jamaa yangu ameanika mbegu juu ya bati, amenunua mizani ndogo, amechimba kidimbwi cha pili kando ya kile. Wa huku atawapa, wa kule hatawapa, na samaki wa majaribio hatawauza. Nimemwambia asiniite tena mpaka awe na daftari lenye hesabu ndani yake.